Hewa kwa Kipimo: Oksijeni na Ubongo Ulioumia, kutoka Wodi za Pumwani

Ubongo hauna akiba ya oksijeni. Msuli ukikosa hewa kwa muda huchoka, huuma, kisha hurudia kazi yake. Ini na ngozi nazo huvumilia kwa kiasi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili, mwenyewe akiwa kazini au usingizini. Damu ikikatika kuufikia, mtu huzimia kwa sekunde chache, na baada ya dakika kadhaa seli zake huanza kufa. Kutoka hapo ni rahisi kufikia wazo linaloonekana la busara kabisa: ubongo uliojeruhiwa kwa kukosa hewa, au kwa kuvuja damu, uongezewe oksijeni nao utapona. Wazo hilo lina ukweli ndani yake na lina hatari vilevile. Oksijeni ni dawa, na kama dawa nyingine ina wakati wake, kiasi chake na mgonjwa wake.

Nchini Kenya dawa hiyo hupimwa kila siku, bila mbwembwe, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kwenye barabara ya General Waruinge, mashariki mwa katikati ya jiji la Nairobi. Ilianzishwa mwaka 1926 kwa juhudi za Lady Grigg, mke wa gavana Edward Grigg, kando ya kitongoji ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa imekitenga kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Leo iko chini ya Kaunti ya Nairobi, ina vitanda zaidi ya 350, na ndiyo hospitali kubwa kuliko zote za uzazi nchini. Akina mama hutoka Majengo, Shauri Moyo, Eastleigh, Mathare, Kiambiu na mbali zaidi, wengine kwa matatu, wengine kwa bodaboda uchungu ukiwa umeshashika. Siku yenye kazi huzaliwa humo watoto hadi mia. Wapo kati yao ambao hawatalia, na wapo wanaofika duniani wiki kumi kabla ya siku zao. Pumwani si hospitali ya wagonjwa wa kiharusi, wala haina chumba cha kumfungia mtu ndani ya oksijeni iliyoshindiliwa. Lakini anayetaka kuelewa oksijeni inaufanyia nini ubongo, na nini haiwezi, hana haja ya kutafuta mbali zaidi ya wodi ya watoto wachanga.

Majeraha mawili

Ubongo wa mtoto anayezaliwa hujeruhiwa kwa njia kuu mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu oksijeni haiingii katika zote mbili kwa mlango mmoja.

Njia ya kwanza ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kitovu kimebanwa, kondo limeng'oka mapema, au uchungu umechukua muda mrefu mno. Mtoto aliyetimiza miezi yake anatoka amelegea, rangi imempotea, hapumui. Seli za ubongo zilizokosa oksijeni hazifi zote papo hapo. Nyingine hufa katika dakika zile za kwanza, nyingine huonekana kupata nafuu na kisha kufa saa sita au zaidi baadaye, damu ikiwa imesharudi na hewa ipo ya kutosha. Mtoto aliyezinduliwa vizuri saa mbili usiku anaweza kuanza degedege alfajiri. Ni katika wimbi hilo la pili ndipo imani kwamba oksijeni zaidi ingesaidia inapoishiwa nguvu: seli hazifi tena kwa kukosa hewa, bali kwa mchafuko wa kemikali uliokwisha kuanzishwa ndani yake, na oksijeni ya ziada huweza hata kuuchochea.

Njia ya pili ni kuvuja damu, na humpata zaidi mtoto njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki ya 32 au mwenye uzito usiofika gramu 1,500. Kandokando ya vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo wake kuna tabaka laini linalozalisha seli mpya. Vishipa vya tabaka hilo ni vyembamba na havina kuta za kuaminika, kwa kuwa vimewekwa kwa muda tu. Mimba ikifika karibu wiki ya 34 tabaka lenyewe huwa limenywea. Mtoto akizaliwa kabla ya hapo, kila shinikizo la damu linapopanda ghafula vishipa hivyo huwa hatarini. Sehemu kubwa ya uvujaji huo hutokea ndani ya saa 72 za kwanza. Huonekana kwa ultrasaundi inayopitishwa kwenye utosi, mahali ambapo mfupa haujaungana, na tangu kazi ya daktari Lu-Ann Papile na wenzake huko Marekani mwaka 1978 hupangwa katika madaraja manne. La kwanza ni damu iliyobaki ndani ya tabaka lenyewe, na watoto wengi wa daraja hilo hukua vizuri. La nne ni damu iliyofika kwenye nyama ya ubongo, na hilo mara nyingi huacha alama ya maisha.

Oksijeni huingia hapa kwa njia ya mzunguko. Ubongo wa mtoto aliyekomaa una uwezo wa kujirekebishia kiasi cha damu kinachoingia, hata presha ya mwili ikiyumba. Wa njiti bado hauna uwezo huo. Akisahau kupumua, jambo ambalo njiti hulifanya mara nyingi, oksijeni hushuka na kaboni dayoksaidi hupanda. Mishipa ya ubongo hutanuka. Kisha anapozinduliwa kwa papara damu hukimbilia kichwani kwa nguvu. Kwa hiyo anayemlinda njiti na damu ya ubongo hamjazi oksijeni. Anazuia mayumbo: pumzi isikatike, presha isiruke, mtoto asishikwashikwe bila sababu, asipate baridi.

Kinga bora zaidi huanza hata kabla hajazaliwa. Mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati hudungwa sindano za deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayokomaza mapafu ya mtoto na kupunguza uvujaji wa damu ubongoni. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, ambao Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zake tano pamoja na Bangladesh, India, Nigeria na Pakistan, ulionyesha kwamba watoto waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 19.6 pale mama alipopewa deksamethasoni, na asilimia 23.5 pale alipopewa sindano isiyo na dawa. Hakuna mashine ya oksijeni inayoweza kushindana na sindano hiyo kwa gharama.

Dakika ya kwanza

Karibu mtoto mmoja kati ya kumi huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua. Wengi hawahitaji zaidi ya kukaushwa vizuri kwa taulo na kusuguliwa mgongo. Wachache huhitaji mfuko na barakoa, na chini ya asilimia 1 hufikia hatua ya kukandamizwa kifua. Mambo haya yote hufanyika kwenye meza moja yenye taa ya joto, mara nyingi na mkunga mmoja ambaye bado ana mama wa kushughulikia kitanda cha pili.

Hatua zenyewe ni chache, na utaratibu wake una maana. Mtoto hukaushwa, hufunikwa, huangaliwa kama anapumua. Kama hapumui, kichwa hulazwa sawa, kisiinamishwe kifuani wala kisivutwe nyuma mno, kwa sababu koo la mtoto mchanga hufunga kwa pande zote mbili. Barakoa hufunika mdomo na pua lakini si macho. Kisha mfuko hubanwa polepole mara tano, na macho ya mkunga yako kifuani: kifua kisipoinuka, hewa haijaingia, na kubana kwa nguvu zaidi hakutasaidia mpaka kichwa kirekebishwe. Baada ya hapo husikilizwa mapigo ya moyo. Katika watoto wengi moyo hupanda kasi mara tu mapafu yanapofunguka, kabla hata rangi haijarudi.

Mwaka 2008 jarida la PLoS ONE lilichapisha utafiti uliofanywa Pumwani kwenyewe na Newton Opiyo, Fred Were, Mike English na wenzao. Swali lilikuwa la kawaida: mafunzo ya siku moja ya kuzindua watoto wachanga yanabadilisha kazi ya wahudumu, au ni cheti tu cha kutundika ukutani? Wahudumu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakafunzwa mapema, wengine wakasubiri zamu yao. Kisha, kwa muda wa wiki saba, waangalizi walifuatilia matukio 97 ya kuzindua watoto yaliyoshughulikiwa na waliofunzwa na 115 ya wasiofunzwa. Hatua za mwanzo zilifanywa ipasavyo katika asilimia 66 ya matukio ya kundi la kwanza, dhidi ya asilimia 27 ya kundi la pili. Makosa yenye kuweza kumdhuru mtoto yalipungua kutoka wastani wa 0.92 hadi 0.53 kwa kila tukio.

Vifo havikutofautiana, na watafiti walilisema hilo wazi. Idadi ya watoto haikutosha kulijibu swali hilo, na mtoto aliyezinduliwa vyema anaweza bado kufariki siku ya tatu kwa maambukizi. Hata hivyo asilimia 27 ni namba ya kusimamisha msomaji. Katika hospitali kubwa kuliko zote za uzazi nchini, kabla ya mafunzo, karibu watoto watatu kati ya wanne walioshindwa kupumua hawakupata hatua za mwanzo kama zinavyotakiwa. Kilichokosekana hapo hakikuwa oksijeni. Kilikuwa ni kichwa kulazwa sawa na kifua kutazamwa.

Tena kwa mtoto aliyetimiza miezi, hewa ya kawaida ya chumbani ndiyo inayotosha kuanzia. Kwa miaka mingi oksijeni safi ilikuwa ndiyo kanuni ya chumba cha kujifungulia duniani kote, mpaka Ola Didrik Saugstad wa Norway na wenzake walipochapisha mwaka 1998 utafiti wa nchi kadhaa uliolinganisha hewa na oksijeni. Waliozinduliwa kwa hewa hawakufanya vibaya, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba walifariki wachache zaidi. Mwaka 2010 miongozo ya kimataifa ilibadilika: anza na hewa, ongeza oksijeni pale tu inapohitajika. Kwa hospitali ambazo mtungi huweza kuisha usiku, hiyo ilikuwa habari njema maradufu.

Kuna tiba nyingine ambayo nchi tajiri huitumia kwa mtoto aliyekosa hewa: kumpoza mwili hadi nyuzi 33.5 hivi kwa siku tatu ili wimbi la pili la vifo vya seli lipungue. Wengi walitarajia ingefaa pia katika hospitali za Asia na Afrika. Utafiti ulioitwa HELIX, uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh kwa watoto 408 na kuchapishwa mwaka 2021, ulileta jibu lisilotarajiwa: waliopozwa walifariki asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Kwa wodi kama za Pumwani, kumweka mtoto katika joto lake la kawaida kunabaki kuwa uamuzi wa kisayansi, wala si dalili ya umaskini.

Kipimo

Mwaka 1942 daktari wa macho wa Boston, Theodore Terry, alieleza ugonjwa mpya: watoto njiti waliookolewa walikuwa wanapofuka. Nyuma ya mboni kulikuwa na utando mweupe. Ugonjwa ulienea pale hasa palipokuwa na inkubeta nzuri na oksijeni nyingi, na ilichukua karibu miaka kumi kabla ya Kate Campbell wa Melbourne, mwaka 1951, kuonyesha kidole kwenye oksijeni yenyewe. Jaribio kubwa la Marekani la miaka ya 1953 na 1954 lilithibitisha. Kufikia hapo watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepoteza macho. Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950, ni mmoja wao. Mishipa ya retina ya njiti bado inakua, na oksijeni nyingi huisimamisha. Baadaye huota upya kwa vurugu na kuivuta retina mpaka inabanduka.

Hospitali zikaogopa. Oksijeni ikabanwa isizidi asilimia 40, upofu ukapungua, na watoto wakaanza kufa kimyakimya kwa sababu nyingine. Mwaka 1973 Kenneth Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyenusurika upofu, wapatao 16 walikufa. Hesabu yake imejadiliwa, lakini fundisho lake halijapingwa. Karibu miongo minne baadaye majaribio makubwa ya Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand yalipima tena mpaka huo kwa makini: njiti walioshikiliwa kwenye asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni katika damu walipata ugonjwa wa macho kidogo zaidi lakini walifariki wengi zaidi ya walioshikiliwa kwenye 91 hadi 95. Ndiyo maana lengo la kawaida leo ni asilimia 90 hadi 95. Mtoto anayepewa oksijeni akionyesha 99, anapata nyingi kuliko anavyohitaji, na kidhibiti kinapaswa kugeuzwa chini. Si jambo rahisi kumweleza mama anayeona namba ikishushwa kwa makusudi.

Kinachofanya haya yawezekane ni oksimita, kifaa kilichobuniwa mwaka 1974 na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi. Kwa mtoto mchanga kitambuzi chake hufungwa kwenye wayo kwa utepe laini. Taa nyekundu hupita upande mmoja, jicho la kifaa hupokea upande wa pili, na namba hutoka bila sindano wala damu. Mguu ukiwa wa baridi au mtoto akirusha miguu, namba huyumba, na muuguzi mzoefu husubiri mawimbi yatulie kabla ya kuiamini. Kuna tahadhari nyingine ambayo Nairobi ingepaswa kuizungumzia zaidi: utafiti wa Michael Sjoding na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta kwamba kwa wagonjwa wazima weusi oksimita ilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Kifaa kilichopimwa zaidi kwenye ngozi nyeupe kinatumika kila saa kwenye ngozi nyeusi.

Tena Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ina asilimia 21 ya oksijeni kama ya Mombasa, lakini shinikizo lake ni kama nne ya tano tu ya lile la pwani, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu. Mtu mzima mwenye afya halihisi hilo. Mtoto mwenye nimonia hulihisi. Mwaka 1993 Francis Onyango na wenzake waliripoti kutoka Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwamba zaidi ya nusu ya watoto 256 wenye maambukizi makali ya mapafu walikuwa na upungufu wa oksijeni kwenye damu, na kwamba hao walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao mara nne.

Oksijeni yenyewe hufika wodini kwa njia tatu: mtungi, konsentreta inayochuja hewa ya chumbani na kutoa oksijeni ya zaidi ya asilimia 90, au bomba la ukutani kutoka kwenye mtambo. Mtungi mkubwa wenye lita 6,800 humtosha mtoto mmoja anayetumia nusu lita kwa dakika kwa siku tisa na zaidi kidogo; ukigawanywa kwa watoto kumi, hautimizi siku moja. Konsentreta haiishi, lakini stima ikipotea nayo hunyamaza. Kampuni ya Kenya ya Hewa Tele, iliyoanzishwa na daktari Bernard Olayo na kuanza na mtambo wa Siaya, ilijengwa juu ya pengo hilohilo: kuuza oksijeni kwa hospitali ndogo kwa bei ambayo zinaweza kuimudu, na kuifikisha kwa wakati.

Kwa njiti ambaye mapafu yake hubonyea kila anapotoa pumzi, oksijeni pekee haitoshi. Anahitaji shinikizo dogo la kuyashikilia wazi. Hapo hutumika mashine ya mapovu, ambayo wodini huitwa CPAP. Mrija wa kutoa hewa huzamishwa ndani ya chupa ya maji, na kina chake ndicho kinachoamua shinikizo: sentimita tano za maji, shinikizo la tano. Maji yanatokota taratibu muda wote. Mapovu yakikoma, ama mrija umetoka puani ama kiungo kimeachia, na muuguzi hulijua hilo kabla kengele yoyote haijalia.

Ubongo wa mama

Pumwani pia kuna kuvuja damu kwa ubongo wa mtu mzima, japo hakutajwi sana kwa jina hilo. Kifafa cha mimba hupandisha presha kwa kasi, na damu inayopasukia ubongoni ni mojawapo ya sababu kuu zinazomuua mama mwenye ugonjwa huo. Tiba yake ya msingi ni kushusha presha, kudunga magnesiamu salfeti, na kuzalisha. Magnesiamu ilithibitishwa na jaribio la Magpie la mwaka 2002, lililoonyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Oksijeni hutolewa mama anapokuwa kwenye degedege, kwa sababu wakati huo hapumui sawasawa. Akishatulia na namba ikiwa nzuri, kuendelea kumpa hakumwongezei kitu.

Hilo linaungwa mkono na utafiti mkubwa zaidi wa aina yake, uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 8,003 wa kiharusi, wa damu kuziba na wa damu kuvuja, waligawanywa: wengine wakapewa oksijeni mfululizo kwa siku tatu, wengine usiku tu, wengine pale tu ilipohitajika. Baada ya miezi mitatu hakukuwa na tofauti ya vifo wala ya ulemavu.

Vyumba vya shinikizo

Lipo pendekezo jingine, lenye nguvu zaidi na lenye wauzaji wengi zaidi. Mgonjwa huingizwa ndani ya chumba cha chuma au cha plastiki ngumu, hewa hushindiliwa mpaka mara mbili au mara tatu ya kawaida, naye huvuta oksijeni safi. Fizikia yake haina utata. Kwa kawaida karibu oksijeni yote ya damu hubebwa na hemoglobini, na kidogo sana huyeyuka kwenye maji ya damu. Chini ya shinikizo kubwa ile inayoyeyuka huongezeka mno. Karibu mwaka 1960 Ite Boerema wa Amsterdam aliwaweka hai kwa muda nguruwe waliotolewa takriban seli zote nyekundu, wakiishi kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Vyumba hivi huokoa wapiga mbizi waliopanda juu haraka kupita kiasi, na waliovuta moshi wa jiko la makaa katika chumba kilichofungwa.

Kama vinarudisha kumbukumbu, umakini na usemi baada ya damu kuvuja ubongoni, hilo ni swali jingine. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa Shai Efrati na wenzake wa Israeli, wa mwaka 2013: wagonjwa 74 waliopata kiharusi kati ya miezi sita na miaka mitatu nyuma, vikao 40 vya dakika 90 kila kimoja. Waliotibiwa walipata nafuu, na picha za ubongo zilionyesha shughuli zaidi. Lakini kundi la kulinganisha halikuingizwa kwenye chumba cha uongo, lilisubiri tu. Mgonjwa anayetolewa nyumbani kila siku kwa miezi miwili, akahudumiwa, akatarajia mema, hupata nafuu kiasi hata bila oksijeni.

Kukosa kundi la chumba cha uongo huleta hasara gani, hilo lilionekana mapema zaidi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, ulemavu ambao baadhi yao huupata kwa njia zilezile mbili za chumba cha uzazi. Jean-Paul Collet na wenzake wa Quebec, mwaka 2001, waliwagawanya watoto 111: nusu wakapata oksijeni safi kwenye shinikizo la 1.75, nusu hewa ya kawaida iliyoshindiliwa kidogo tu. Wote walipata maendeleo, kwa kiasi kilekile. Watetezi wa tiba hiyo walisema kwamba hata hewa iliyoshindiliwa kidogo ni tiba. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba watoto walikua, walizoezwa, na wazazi wao walikuwa karibu nao siku arobaini. Mzazi wa Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, anayeelezwa kwamba vikao kadhaa vya chumba cha oksijeni vitamrudishia mtoto akili aliyopokonywa na damu ya ubongo, anauziwa kitu ambacho ushahidi haujakithibitisha. Wala vyumba vyenyewe si salama kabisa: shinikizo huumiza masikio, oksijeni nyingi huweza kuleta degedege, na cheche ndogo ndani yake ni balaa. Januari 2025 mtoto wa miaka mitano alifariki katika jimbo la Michigan, Marekani, chumba cha aina hiyo kilipolipuka.

Baada ya wodi

Kilichobaki baada ya damu kukauka hufuatiliwa kwa zana nyepesi. Futi ya kupimia nguo huzungushwa kichwani kila kliniki. Kichwa kikikua haraka kuliko chati inavyoruhusu, na utosi ukituna, damu iliyoganda huenda imeziba njia za maji ya ubongo. Afrika Mashariki imechangia hapa zaidi kuliko inavyosifiwa: katika hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, Benjamin Warf alikuza upasuaji wa kamera unaofungulia maji njia mpya bila mrija wa kudumu, jambo lenye thamani kwa familia iliyo mbali na hospitali ambayo ingelazimika kukimbilia mjini kila mrija unapoziba.

Ukuaji wa akili na viungo una vipimo vyake pia. Kilifi, kwenye kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa Kenya anavijua, badala ya michezo ya watoto wa Ulaya. Mtoto anayechelewa kushika kichwa, anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au asiyegeukia sauti, hupelekwa kwa mtaalamu wa viungo na wa kazi za mikono mapema, ubongo ukiwa bado unaweza kuhamishia kazi sehemu nyingine. Ni kazi ya miezi, ya kurudiarudia, na sehemu yake kubwa hufanywa nyumbani na mama au nyanya kwenye mkeka.

Njiti waliovuja damu kidogo mara nyingi hupita hatua zote hizo bila dosari, kisha huanza shule na kuonekana wakipata shida ya hesabu au ya kukaa kwenye jambo moja. Jicho nalo halisubiri shule: mtoto aliyezaliwa na gramu chini ya 1,500 na kupewa oksijeni hupaswa kuonwa na daktari wa macho akiwa na umri wa wiki nne hadi sita, na kwa wengi wao tarehe hiyo huangukia baada ya kutoka hospitalini, kwa hiyo ni lazima iandikwe kwenye kijitabu cha kliniki kabla mama hajaondoka wodini.